Kutoka Kavirondo ya Kaskazini hadi Kibabii: Maktaba za Vyuo Vikuu na Maarifa ya Wabukusu

1. Utangulizi

Chwele ni mji wa soko katika Kaunti ya Bungoma, magharibi mwa Kenya, chini ya miteremko ya Mlima Elgon. Wakulima wa pande zile huleta ndizi, vitunguu, nyanya na kuku, na wachuuzi hutoka miji ya mbali kuja kununua. Lugha inayotawala sokoni ni ile ambayo wenyewe huiita Lubukusu. Kisabaoti husikika pia, na Kiswahili ndicho kinachowaunganisha wote. Mtu atokaye mji wa Bungoma kwenda Chwele hufuata barabara iliyo karibu na Chuo Kikuu cha Kibabii, kilichoanzishwa mwaka 2011 kikiwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Masinde Muliro, kisha kikapewa hati ya kujitegemea mwaka 2015. Kwa hiyo maktaba ya chuo kikuu imefika kwenye njia ya watu waendao sokoni.

Jambo hili si dogo likitazamwa kihistoria. Kwa zaidi ya miaka mia moja, yaliyoandikwa kuhusu Wabukusu yalihifadhiwa mahali ambapo Wabukusu wenyewe hawakuweza kufika kwa urahisi: Entebbe, Nairobi, London, na hata katika jimbo la New York huko Marekani. Leo sehemu kubwa ya maandishi hayo yaweza, angalau kwa nadharia, kusomwa kwa kompyuta iliyoko Kibabii au kwa simu iliyoko Chwele. Swali linalozuka ni kama kuweza huko kwa nadharia ni sawa na kuweza kwa kweli.

Makala haya yanakusudia kuifuata safari ya maarifa hayo kutoka vijijini hadi maktabani, na kutoka karatasi hadi mikrofilamu, kanda za sauti na hatimaye hifadhi za kidijitali. Hoja yake kuu ni kwamba kila badiliko la chombo liliongeza nakala, lakini halikuongeza kwa kiasi hichohicho uwezo wa kuipata habari. Kugeuza hati kuwa ya kidijitali ni kunakili tu. Kinachoifanya nakala iwe mali ya maktaba, ikafaa kufundishia na kufanyia utafiti, ni maelezo yanayoitambulisha. Na maelezo hayo hayawezi kuandikwa sawasawa pasipo mtu aijuaye lugha ya wanaoelezwa. Kwa sababu hiyo suala hili si la wakutubi peke yao. Ni la wanaisimu na wanafasihi pia.

2. Nchi moja, majina mengi

Ugumu wa kwanza unaomkabili mtafiti wa historia ya Chwele na majirani zake ni ugumu wa majina. Mpaka mwaka 1902 nchi hii ilihesabiwa kuwa sehemu ya Mkoa wa Mashariki wa Uganda. C. W. Hobley, ofisa wa Kiingereza aliyewekwa Mumias na ambaye alihusika katika vita vya mwaka 1895 dhidi ya Wabukusu katika ngome za Lumboka na Chetambe, alichapisha huko London mwaka 1902 utafiti wake kwa jina la Eastern Uganda. Mwaka huohuo mkoa huo ulihamishiwa Himaya ya Afrika Mashariki, nchi ambayo baadaye ilikuja kuitwa Kenya. Hivyo jina la kitabu lilipitwa na wakati karibu siku zilezile kilipotoka mtamboni. Mwanafunzi wa leo anayetafuta maandishi ya kale kuhusu Bungoma hana sababu ya kukisia kwamba aanzie kwenye kitabu kinachotaja Uganda, wala kwamba barua za kiserikali za miaka ile ziliingia katika majalada ya Entebbe.

Baada ya hapo wilaya ikaitwa Kavirondo ya Kaskazini. Mwishoni mwa miaka ya 1940 ikawa Nyanza ya Kaskazini. Katikati ya miaka ya 1950 sehemu ya kaskazini ilitengwa ikaitwa Nyanza ya Elgon, na mwaka 1963, mwaka wa uhuru, ikawa Wilaya ya Bungoma katika Mkoa wa Magharibi. Katiba ya mwaka 2010 iliondoa mpango wa mikoa, na tangu mwaka 2013 Bungoma imekuwa kaunti. Mahali ni pamoja, mto ni uleule, soko ni lilelile; lakini anayeandika neno Bungoma katika kisanduku cha kutafutia cha kompyuta huletewa habari za tangu 1963, na nusu ya kwanza ya historia yake humpita kimya. Mashine haimwambii kwamba kuna kitu kilichokosekana.

Majina ya watu nayo yana historia yake. Maofisa wa kikoloni waliwaita Wabukusu Kitosh, jina walilolichukua kwa majirani, na ambalo wenyewe hawakulipenda. Günter Wagner, Mjerumani aliyefanya utafiti huko katika miaka ya 1930 na ambaye kitabu chake The Bantu of North Kavirondo kilitoka kwa majuzuu mawili mwaka 1949 na 1956, aliandika Vugusu. F. E. Makila, katika kitabu chake cha historia kilichochapishwa Nairobi mwaka 1978, aliandika Babukusu. Waandishi wengine huondoa viambishi vyote wakaacha Bukusu.

Tofauti kati ya Wagner na Makila haikutokana na uzembe. Lubukusu ina sauti inayotamkwa kwa kuikaribisha midomo miwili bila kuifunga kabisa, hewa ikapenya katikati. Sauti hiyo hugeuka kuwa kipasuo inapotanguliwa na nazali. Masikio ya mgeni huisikia sauti ile ya kwanza kama v, naye akaiandika hivyo. Tahajia iliyozoeleka leo huiandika kwa herufi b, kwa kuwa msemaji mwenyewe hujua wakati wa kuilegeza na wakati wa kuikaza. Mwanaisimu akiona Vugusu na Bukusu hutambua mara moja kwamba ni neno moja. Kompyuta haitambui hivyo mpaka ifundishwe, na wa kuifundisha ni yule aliyejifunza fonolojia ya lugha hiyo. Hapa ndipo taaluma ya lugha inapoingia katika kazi ambayo kwa kawaida hudhaniwa kuwa ya mafundi wa mitambo.

Mfano mwingine ni wa Dini ya Msambwa, harakati iliyoongozwa na Elijah Masinde wa Maeni, karibu na Kimilili, hadi ikapigwa marufuku mwaka 1948. Tarehe 10 Februari mwaka huo polisi waliwapiga risasi wafuasi wake huko Malakisi, si mbali na Chwele, na watu 11 wakafa. Katika majalada ya serikali harakati hiyo hutokea mara nyingi kwa herufi tatu tu, D.Y.M., au kwa tahajia mbalimbali za neno msambwa. Neno hilo lenyewe, lenye kuhusu mizimu ya wahenga na nguvu zao juu ya walio hai, lina maana pana ambayo ofisa wa wilaya hakuijali alipoliandika kama jina la jalada la usalama. Mtoto aliyekuwa na umri wa miaka 15 mwaka 1948 amekwisha kupita miaka 90 leo. Wanaoweza kueleza kwa kinywa yaliyotokea Malakisi wamebaki wachache sana, na baada yao watakaosema ni majalada peke yake, kwa lugha ya polisi.

3. Karatasi na mikrofilamu

Kabla ya vyuo vikuu kuingia katika kazi hii, walioandika zaidi walikuwa watawala na wamisheni. Wamisheni wa Kirafiki, yaani Wakweka kutoka Marekani, walianza Kaimosi mwaka 1902, wakasambaa baadaye hadi nchi ya Wabukusu. Barua na taarifa zao nyingi zilipelekwa kwao, na sehemu yake imehifadhiwa katika maktaba ya Chuo cha Earlham, jimbo la Indiana. Katika miaka ya 1940 palikuwa na Kamati ya Lugha ya Kiluyia, ambayo L. L. Appleby wa misheni ya Kianglikana alikuwa mmoja wa watendaji wake wakuu. Kamati ilijaribu kuunda lugha moja ya maandishi kwa makabila yote ya Kiluyia. Wabukusu walikuwa miongoni mwa waliokataa kuiacha lugha yao. Mabishano hayo ya tahajia yangali na maana kwa wakutubi, kwa kuwa kitabu kilichochapishwa kwa Kiluyia cha pamoja na kile kilichochapishwa kwa Lubukusu mara nyingi huwekwa chini ya kichwa kimoja katika orodha, kana kwamba mabishano hayakuwapo.

Kenya ilipata sheria yake ya nyaraka za taifa mwaka 1965. Katika miaka hiyohiyo Chuo Kikuu cha Syracuse, jimbo la New York, kilipata nakala za mikrofilamu za taarifa za mwaka za wilaya na mikoa, taarifa za makabidhiano ya ofisi na majalada mengine ya Nyaraka za Taifa za Kenya. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Robert Gregory, Robert Maxon na Leon Spencer walitoa mwongozo wa kuyatumia. Kwa mhadhiri wa Marekani huo ulikuwa msaada mkubwa: aliweza kuzisoma taarifa za Kavirondo ya Kaskazini bila kupanda ndege. Kwa mwalimu wa sekondari wa Chwele hali haikubadilika. Nairobi ilikuwa safari ya siku nzima, na Syracuse ilikuwa jina tu. Kituo cha kumbukumbu cha Kakamega kilipunguza umbali kwa kiasi, lakini hakikuwa maktaba ya kufundishia.

Haifai hata hivyo kuulaumu mpango wa mikrofilamu. Filamu zile ziliokoa habari zilizokuwa zikiliwa na mchwa na unyevu. Zaidi ya hayo, ziliandamana na mwongozo uliochapwa, jambo ambalo hifadhi nyingi za kidijitali za leo hazina. Upungufu wake ulikuwa kwamba mwongozo ulifuata mpangilio wa ofisi iliyozaa karatasi. Ulimwelekeza msomaji kwa mkoa, wilaya na mwaka. Haukumwelekeza kwa ukoo, kwa mto au kwa jina la mzee aliyetoa ushahidi mbele ya baraza. Mtafiti wa utawala aliona njia; mtafiti wa watu alilazimika kupekua ukurasa mmoja mmoja.

Karatasi nyingine hazikubaki Kenya hata kwa nakala. Mwaka 2011, wakati wa kesi ya wazee wa Mau Mau huko London, serikali ya Uingereza ilikiri kuwa na majalada mengi yaliyoondolewa katika makoloni wakati wa uhuru na kufichwa Hanslope Park. Baadaye yalihamishiwa katika Nyaraka za Taifa huko Kew. Tukio hilo liliwakumbusha wasomi wa Afrika Mashariki kwamba orodha ya kilichopo ni muhimu sawa na kilichopo chenyewe. Jalada lisilo katika orodha yoyote haliwezi hata kudaiwa.

4. Darasa na kinasa sauti

Badiliko kubwa la kimawazo lilianzia darasani. Mwaka 1967 Gideon Were, mwanahistoria wa Chuo Kikuu cha Nairobi, alichapisha historia ya Abaluyia wa Kenya ya Magharibi iliyojengwa juu ya mapokeo ya mdomo. Mwaka huohuo alitoa kitabu cha pili chenye ushahidi wenyewe wa wazee wa Kiluyia, Kiteso na Kikalenjini cha Elgon. Hatua hiyo ya pili inastahili kusifiwa zaidi kuliko ilivyosifiwa. Mwanahistoria aliyetegemea vinywa vya watu aliviweka vinywa hivyo mbele ya wasomaji wengine ili wamhukumu. Hiyo ndiyo maana hasa ya hifadhi ya utafiti, hata kama jina la hifadhi ya data lilikuwa halijasikika.

Mwaka 1968 Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong walitoa waraka wao wa kutaka Idara ya Kiingereza ya Nairobi iondolewe na fasihi ya Kiafrika iwekwe katikati ya masomo. Fasihi simulizi ikaingia katika mtaala wa chuo kikuu, na baadaye katika shule za sekondari. Matokeo yake yalikuwa kwamba kwa miongo kadhaa wanafunzi walirudi makwao wakati wa likizo wakiwa na vinasa sauti, wakarekodi hadithi, nyimbo, mafumbo na hotuba. Pande za Bungoma zilikuwa na utajiri wa pekee: nyimbo za litungu, sioyayo inayoimbwa kijana anapoletwa kutahiriwa katika msimu unaorudi kila baada ya miaka miwili, na kumuse, hotuba ndefu ya msemaji mteule baada ya mazishi ya mzee, ambamo historia ya koo, maonyo na faraja huunganishwa. Katika wasemaji wa kumuse, John Wanyonyi Manguliechi alipata sifa iliyovuka mipaka ya wilaya yake na akawa mada ya uchunguzi wa wanazuoni.

Kazi hiyo yote ilifanywa kwa ajili ya kufundisha na kutahini, na hapo ndipo udhaifu ulipoanzia. Mwanafunzi alitakiwa kuleta insha. Ukanda ulikuwa ushahidi wa insha. Insha iliyokwisha kusahihishwa ilifungiwa kabatini au ilirudishwa kwa mwenyewe, nao ukanda ukafuata njia hiyohiyo au ukarekodiwa muziki juu yake. Tasnifu za shahada za juu zilifika maktabani kwa sababu kanuni zilidai hivyo. Kanda hazikufika kwa sababu hapakuwa na kanuni iliyozidai. Ukanda wa sumaku nao hausubiri: gundi inayoshika chembe za sumaku hunyonya unyevu, ukanda hunata na kuchubuka, na mashine za kuuchezea hupotea sokoni. Kwa hiyo maktaba nyingi zina maandishi ya tafsiri ya Kiingereza ya hotuba ambayo sauti yake, lugha yake na vituo vyake vimekwisha kupotea. Mwanaisimu anayetaka kuchunguza toni ya Lubukusu hawezi kufanya lolote kwa tafsiri hiyo.

5. Fundisho kutoka pwani

Ili kuona namna kazi hiyo ingeweza kufanywa vinginevyo, yafaa kulinganisha na historia ya miswada ya Kiswahili. Hali zilikuwa tofauti, kwa kuwa Waswahili walikuwa na maandishi yao kwa hati ya Kiarabu kwa karne kadhaa, na mkusanyaji alikuta karatasi badala ya kinywa. Lakini suala la maelezo lilikuwa lilelile.

J. W. T. Allen alikusanya miswada na kanda kwa ajili ya maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na orodha yake ilichapishwa Leiden mwaka 1970. Inafaa kuangalia kwamba orodha hiyo ilitaja kanda pamoja na miswada katika jina lake lenyewe. Sauti ilihesabiwa kuwa mali ya maktaba kwa haki sawa na karatasi. Huko London, Chuo cha Taaluma za Mashariki na Afrika kilikuwa na mikusanyo ya W. E. Taylor, Alice Werner, William Hichens na wengineo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 chuo hicho kiliandaa orodha mpya ya miswada hiyo na kuiweka katika mtandao. Katika kazi hiyo pamoja na Farouk Topan na Angelica Baschiera alikuwapo Sheikh Yahya Ali Omar wa Mombasa, mjuzi wa tenzi na wa lahaja za kaskazini. Shairi lisilo na jina la mtunzi, au beti zilizochanganywa na mnakili, hazitambuliwi na mashine wala na mkutubi asiyekulia katika mashairi hayo. Zinatambuliwa na mtu ambaye amekwisha kuzisikia.

Mifano mingine yaelekea upande huohuo. Mradi wa pamoja wa vyuo vikuu vya Dar es Salaam na Helsinki, uliofanya kazi ya nyanjani kuanzia mwaka 1988 hadi 1992, ulirekodi lahaja na fasihi simulizi za Kiswahili, na rekodi hizo zikaja kuwa msingi wa hifadhi ya kidijitali. Lamu, miswada ya Msikiti wa Riyadha ilipigwa picha za kidijitali palepale ilipo katika miaka ya 2010, nakala zikawekwa pia katika Maktaba ya Uingereza, na miswada yenyewe ikabaki kwa wenyewe. Maktaba ya Kimataifa ya Muziki wa Afrika, iliyoanzishwa na Hugh Tracey mwaka 1954 na ambayo sasa ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika ya Kusini, ilishirikiana na watu wa Ketebul wa Nairobi kuzirudisha rekodi za Tracey za miaka ya 1950 katika jamii za Kenya zilikotoka. Katika kazi hizo zote palikuwa na mtu wa lugha husika karibu na kazi, na chombo kipya hakikumfukuza.

6. Mtandao na maktaba ya leo

Vyuo vikuu vya Kenya viliingia katika zama za mtandao kwa hatua zinazojulikana. Umoja wa mtandao wa elimu, KENET, ulianzishwa mwaka 1999. Mwaka 2003 maktaba ziliunda umoja wao, KLISC, ili zinunue kwa pamoja leseni za majarida ambayo hakuna chuo kimoja kingeweza kuyalipia peke yake. Mipango ya kimataifa kama HINARI ya mwaka 2002 na AGORA ya mwaka 2003 ilifungua majarida ya tiba na kilimo kwa bei ndogo au bila malipo. Hadi mwaka 2009 mawasiliano yalipitia setilaiti, yakiwa ghali na ya polepole. Mwaka huo nyaya za chini ya bahari zilifika Mombasa, na kufungua faili kubwa kukawa jambo la kawaida. Vyuo vikafungua hazina za kidijitali za tasnifu na makala, vingi kwa kutumia programu ya DSpace iliyotolewa bure mwaka 2002. Vyuo vilipofungwa mwezi Machi 2020 kwa sababu ya ugonjwa wa Korona, ilionekana wazi kwamba maktaba isiyo na mkono wa kidijitali haiwezi kuhudumia mafundisho.

Faida hizi ni za kweli. Mwanafunzi wa Kibabii aandikaye tasnifu juu ya sintaksia ya Lubukusu aweza kusoma majarida ambayo mwalimu wake, miaka thelathini nyuma, aliyasikia kwa jina tu. Hata hivyo mwelekeo wa mto huu wafaa kutazamwa. Maarifa mengi yanayopita katika nyaya hizo yanatoka nje kuja ndani, tena kwa Kiingereza. Yanayotoka ndani kwenda nje ni tasnifu, nazo huingizwa hazinani zikiwa na jina la mtunzi, mwaka, kichwa na ikisiri ya Kiingereza. Tasnifu juu ya kumuse yaweza kuwa na kiambatisho cha kurasa nyingi za hotuba kwa Lubukusu, lakini maelezo yake yakasema tu kwamba ni utafiti wa fasihi simulizi. Jina la msemaji, kijiji, ukoo, mwaka wa mazishi na lugha ya hotuba havimo. Hotuba ipo, lakini imezikwa ndani ya faili.

Wala programu ya kusoma herufi haitoshi kuifukua. Programu hizo zimefunzwa kwa lugha kubwa. Zikikutana na Lubukusu hukisia maneno ya Kiingereza, na pale mtunzi alipotia alama za toni huleta vurugu tupu. Lugha hii ina kitambulisho chake cha kimataifa cha herufi tatu, bxk, mbali na kile cha jumla cha Kiluyia, luy. Kukiandika mahali pake katika maelezo ya kila faili ni kazi ya nukta chache, na manufaa yake ni kwamba anayetafuta Lubukusu popote duniani ataipata bila kuchanganywa na lugha jirani.

Kazi inayohitajika, basi, si kubwa kwa fedha bali kwa ujuzi. Ya kwanza ni orodha ya majina yaliyooanishwa, itakayoiambia mashine kwamba Kitosh, Vugusu, Babukusu na Bukusu ni watu hao hao, na kwamba Kavirondo ya Kaskazini, Nyanza ya Elgon na Bungoma, kwa mipaka iliyobadilika, ni nchi moja. Ya pili ni kanuni kwamba mwanafunzi akabidhi sauti pamoja na insha, sauti hiyo ikiwa katika faili isiyobanwa, kwa viwango vinavyopendekezwa na chama cha kimataifa cha hifadhi za sauti, na nakala zake zikae zaidi ya mahali pamoja. Ya tatu ni ikisiri kwa Kiswahili. Katiba ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi, na tangu mtaala wa mwaka 1985 watoto wote wa Kenya wamekisoma kama somo la lazima. Mwalimu wa Chwele anayetafuta mfano wa kufundishia atafikiwa na ikisiri ya Kiswahili haraka kuliko na ikisiri iliyoandikwa kwa ajili ya mtahini wa nje.

7. Haki ya msemaji

Linabaki suala ambalo zama za karatasi ziliweza kulikwepa. Ukanda uliofungiwa kabatini ulimlinda msemaji bila kukusudia. Faili iliyowekwa wazi mtandaoni yaweza kusikilizwa na mtu yeyote, mahali popote, milele. Kuna maneno ya jando yasemwayo mbele ya waliotahiriwa tu. Kuna sehemu za kumuse zinazotaja makosa ya koo zilizo hai. Kuna ushahidi juu ya mambo ya Malakisi unaowagusa wajukuu wa walioripoti na wa walioripotiwa. Mzee aliyekubali kurekodiwa na mwanafunzi mwaka 1975 alikubali kumsaidia kijana apite mtihani. Hakuulizwa kuhusu intaneti, kwa kuwa haikuwapo.

Sheria za Kenya zimelitazama jambo hili kwa sehemu. Ibara ya 11 ya Katiba yalinda utamaduni. Sheria ya mwaka 2016 yahusu ulinzi wa maarifa ya jadi na maonyesho ya kitamaduni. Sheria ya mwaka 2019 yahusu ulinzi wa data za watu. Lakini sheria haiwezi kumwambia mkutubi ni beti gani za wimbo ambazo si za kusikilizwa na kila mtu. Hilo hujulikana kwa kuwauliza wenye wimbo. Hapa ukaribu wa chuo na watu wake unakuwa na thamani isiyoweza kununuliwa na Syracuse wala London. Ukoo ulioko Chwele waweza kuitwa maktabani Kibabii, ukasikiliza rekodi ya babu yao, ukasema hii iwe wazi, hii isikilizwe chuoni tu, hii ingoje. Maelezo hayo nayo yaandikwe katika faili. Pengine watasema pia kwamba jina lililoandikwa kwenye ukanda si sahihi, na kwamba mto uliotajwa si ule bali mwingine. Na kwa saa moja hiyo orodha itakuwa imepata usahihi ambao mtafiti wa mbali asingeufikia kwa mwaka.

8. Hitimisho

Historia iliyofuatwa hapa inaonyesha kwamba maktaba za vyuo vikuu zimeokoa mengi. Orodha ya Allen, mikrofilamu za Nairobi, ushahidi uliochapishwa na Were, na hazina za kidijitali za leo zote ni kazi za kushukuriwa. Lakini inaonyesha pia kwamba maarifa hupotea kwa njia mbili. Hupotea kwa moto, mchwa na unyevu, na njia hiyo imekwisha kuzibwa kwa sehemu kubwa na mitambo. Hupotea vilevile kwa jina lisilo sahihi, na njia hii mitambo inaipanua, kwa kuwa kadiri nakala zinavyozidi kuwa nyingi ndivyo kisicho na jina kinavyozidi kufunikwa.

Idara za lugha katika vyuo vya Afrika Mashariki zimezoea kuiona maktaba kama mahali pa kwenda kuchukua. Wajibu wao katika zama hizi ni kupeleka: kupeleka sauti pamoja na tasnifu, tahajia zilizooanishwa, ikisiri za Kiswahili, na wanafunzi wanaoijua Lubukusu, Kisabaoti na Kiteso ili wakae na wakutubi wanapoandika maelezo. Wazee wa Bungoma wanaoweza kusahihisha majina yaliyoandikwa vibaya na maofisa wa kikoloni wangali wapo, lakini si wengi, na barabara ya kutoka Chwele hadi Kibabii ni fupi.